Biskuti za Waingereza: ya chokoleti au tupu? Tujadili

Mpenda Chai, Reading (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ubishi huu ulianzia kazini kwetu, ukahamia nyumbani, na sasa nauleta jamvini kwa watu waliokunywa chai tangu utotoni. Swali ni moja: ukiwekewa kopo la biskuti za Kiingereza, mkono wako unakwenda kwenye ya chokoleti au kwenye tupu? Na kwa nini?

Kwa wenzangu ambao hamjaishi huku: sehemu nyingi za kazi Uingereza utakuta birika la umeme, maziwa kwenye friji na kopo la biskuti. Kopo halina mwenyewe, ila lina adabu zake. Ukimaliza pakiti unaleta nyingine. Huachi vipande vilivyovunjika ukafunga kifuniko na kuondoka. Na za chokoleti huchukui mbili mfululizo watu wakikutazama. Kila mara za chokoleti ndizo zinazokwisha kwanza, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya wenzangu: kinachokwisha kwanza ndicho kitamu.

Mimi sikubali. Chokoleti inaweza kufunika biskuti mbovu ukaila hadi mwisho bila kujua umekula nini. Biskuti tupu haina pa kujificha. Msimamo wangu ni kwamba biskuti ipimwe kwanza ikiwa tupu, na ipimwe na chai.

Chukua Digestive ya McVitie's, ivunje katikati uitazame. Utaona chembe za ngano isiyokobolewa, kingo zinamomonyoka zenyewe. Ukiuma, chumvi kidogo inatangulia, halafu utamu, halafu ladha ya ngano iliyookwa inabaki mdomoni. Hakuna kinachokusukuma. Biskuti hii iliundwa mwaka 1892 na Alexander Grant, kijana wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi kwa McVitie kule Edinburgh. Siku hizo iliaminika kwamba soda ya kuokea iliyomo inasaidia chakula kusagika tumboni, ndipo ikapata jina, maana 'digestive' ni ya kusaga chakula. Grant alipanda hadi akaiongoza kampuni, na utajiri wake uliisaidia Maktaba ya Taifa ya Scotland kuanzishwa: alitoa pauni 100,000, baadaye akaongeza nyingine 100,000 za jengo. Utajiri huo ulianzia kwenye biskuti tupu, maana ya chokoleti ilikuja mwaka 1925.

Mpangilio wangu: Digestive tupu, kisha Ginger Nut (ya tangawizi), kisha Malted Milk (ile yenye picha ya ng'ombe), kisha Rich Tea. Upande wa chokoleti naikubali Hobnob peke yake, kwa sababu oti zake zina nguvu ya kutosha kusimama na chokoleti bila kumezwa.

Karibuni.

Binti Kyela, Birmingham

Mleta uzi, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Lakini hapa tutapishana.

Mimi nimekulia kwenye kokoa. Kwetu Kyela, mkoani Mbeya, tunda likichumwa linapasuliwa, mbegu zinatolewa na ule ute wake mweupe mtamu, zinavundikwa chini ya majani ya migomba siku tano sita huku zinageuzwa. Ukiweka mkono katikati ya lundo unasikia joto. Baada ya hapo zinaanikwa, zinapelekwa ghalani, zinauzwa kwa mnada wa stakabadhi. Hiyo harufu ya chokoleti mnayoisema inaanzia kwenye lundo lile, haianzii kiwandani. Mbegu isiyovundikwa vizuri hata uikaange vipi haitoi chokoleti nzuri.

Kwa hiyo mtu akiniambia chokoleti ni kifuniko, namuona ameiangalia kutokea upande wa duka. Kwangu ndiyo yenye kazi kubwa kuliko ngano, na mkulima wake ametoka jasho zaidi. Digestive tupu ni nzuri, siikatai. Ila ile chumvi kidogo uliyoisema mwenyewe, ndiyo inayoifanya chokoleti juu yake iwe na maana. Bila chumvi ile chokoleti ingekuwa sukari tu, na bila chokoleti chumvi ile inabaki inasubiri kitu.

Chaguo langu: Digestive ya chokoleti nyeusi. Siyo ya maziwa. Nyeusi.

Mwana wa Mvita, London

Salaam aleikum nyote.

Jamani mbona hamjaanza na Marie? Sisi pwani kabla ya kuijua hiyo Digestive tulikuwa na Marie. Ukienda dukani Mombasa ukaomba biskuti bila kutaja jina, ungepewa Marie. Na hiyo ni ya Waingereza vilevile: ilitengenezwa na Peek Freans wa London mwaka 1874, kwa heshima ya binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna, alipoolewa na mtoto wa Malkia Victoria. Kiwanda kilikuwa Bermondsey, hapo kusini mwa mto Thames, na mtaa ule ulijulikana kama mji wa biskuti kwa harufu iliyokuwa inatoka.

Peek Freans hao hao ndio walioleta Garibaldi mwaka 1861, ile yenye zabibu kavu katikati, wakaipa jina la jenerali wa Italia. Na Bourbon, ile ya krimu ya chokoleti katikati, mwaka 1910. Wapenda krimu wote wa jamvi hili wanadaiwa shukrani na Bermondsey.

Kuhusu swali: mimi ni mtu wa kuchovya, na kwa mtu wa kuchovya chokoleti inaharibu chai. Inaacha mafuta juu, na chai inabadilika ladha kabla hujafika katikati ya kikombe. Rich Tea ndiyo biskuti ya chai. Nyembamba, haina makuu, inakunywa chai ikaishiba na bado ukaifikisha mdomoni.

Mzaramo Manchester

Rich Tea kuifikisha mdomoni? Bro yako ni ya kampuni gani? Yangu ikigusa tu chai nusu inabaki kikombeni. Naungana na mleta uzi kwenye Ginger Nut. Ile ngumu, tangawizi inawasha kidogo kooni, na unaweza kuichovya huku unaongea na mtu.

Mwana wa Mvita, London

@Mzaramo Manchester ndugu yangu, unaiacha mle muda mrefu. Rich Tea ni kuingiza na kutoa. Ukianza hadithi lazima ikatike.

Mhasibu wa Luton

Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyegusa jambo ambalo mimi linanishughulisha kazini. Swali la mleta uzi, chokoleti au tupu, lina jibu kwenye sheria ya kodi ya Uingereza.

Huku vyakula vingi havitozwi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yaani kiwango ni sifuri. Keki ni sifuri. Biskuti tupu ni sifuri. Lakini biskuti iliyofunikwa na chokoleti, yote au sehemu, inahesabiwa kuwa ya anasa na inatozwa kiwango kamili, ambacho sasa ni asilimia 20. Ukinunua Digestive tupu hulipi kodi hiyo, ukinunua ya chokoleti unalipa.

Angalieni mipaka yake ilivyo. Biskuti yenye vipande vya chokoleti vilivyochanganywa ndani ya unga kabla ya kuokwa: sifuri. Bourbon: sifuri, kwa sababu krimu yake ya chokoleti iko katikati ya biskuti mbili na haionekani kwa juu. Yule mtu wa tangawizi anayetengenezewa watoto: akiwekewa nukta mbili za chokoleti za macho, sifuri. Akiongezewa vifungo vya shati vya chokoleti, asilimia 20. Hayo yako kwenye mwongozo wa mamlaka ya kodi, HMRC.

Na kesi maarufu ni ya Jaffa Cakes mwaka 1991. Jaffa ni duara dogo: chini keki laini, katikati jeli ya chungwa, juu chokoleti. Zimekuwepo tangu 1927. Mamlaka ya kodi wakasema ni biskuti yenye chokoleti, ilipe. Watengenezaji wakasema ni keki. Baraza la kodi likapima kila kitu. Ukubwa wake ni wa biskuti, zinauzwa rafu moja na biskuti, zinaliwa kwa vidole na siyo kwa uma. Hayo yalikuwa upande wa serikali. Upande wa pili: unga wake ni rojo kama wa keki, ni laini ukiuma, na muhimu, ikichacha inakuwa ngumu kama keki inavyokuwa, wakati biskuti ikichacha inalainika. Inasemekana watengenezaji walipeleka hata Jaffa kubwa ya inchi 12 ionekane wazi kuwa ni keki. Wakashinda. Mpaka leo haina kodi.

Kwa hiyo mimi naona mleta uzi ana sheria nyuma yake: serikali yenyewe inaamini biskuti tupu ni chakula na ya chokoleti ni starehe.

Binti Kyela, Birmingham

Kaka mhasibu, starehe siyo kosa. Watu wanalipa asilimia 20 zaidi na bado ndizo zinazokwisha kwanza kwenye kopo. Hapo sheria imethibitisha upande wangu.

Bi Mkubwa wa Northampton

Assalaam alaykum wanangu. Nimefurahi na mjadala huu.

Kwanza nijibu jambo ambalo najua wengi wetu tunalijali kabla hata ya ladha: jelatini. Wengi wanaogopa Jaffa wakidhani jeli yake ni ya mifupa. Ile ya McVitie's inagandishwa kwa pektini, inayotoka kwenye matunda. Hata hivyo kila pakiti igeuzwe isomwe, maana kila supamaketi ina Jaffa yake na watengenezaji hubadilisha viungo.

Pili, mnazungumza kana kwamba sisi tulikutana na biskuti Ulaya. Kule Unguja tunayo nankhatai. Unga, sukari, samli, hiliki, inaokwa polepole mpaka ipasuke kwa juu. Mimi nilipoonja shortbread ya Kiskoti kwa mara ya kwanza nilisema hii ni nankhatai iliyonyimwa hiliki. Unga, sukari, siagi, basi. Hakuna yai, hakuna maji. Siri yake ni siagi yenyewe na mkono usiokanda sana. Ukikanda sana inakuwa ngumu, hii inatakiwa ivunjike mdomoni bila kutafunwa. Walkers wa Aberlour wanatengeneza tangu 1898 na bado ukisoma pakiti utaona vitu vichache sana, siagi ikiwa sehemu kubwa.

Sasa niambieni: shortbread ukiipaka chokoleti umeiongezea nini? Umeficha siagi, na siagi ndiyo uliyoilipia. Kwenye hili niko na mwanangu wa Reading moja kwa moja.

Mpenda Chai, Reading (mwanzisha uzi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Ahsante sana, hata mimi shortbread nilistahili kuitaja mwanzoni kabisa.

Dada wa Kyela, hoja yako ya kokoa naiheshimu kwa dhati, na sikuwa nafahamu hilo la joto la lundo. Lakini ngoja nikuulize: chokoleti iliyoko kwenye biskuti nyingi za bei ya kawaida ni chokoleti kweli ya mkulima wa Kyela? Mwaka 2024 kokoa ilipanda duniani ikapita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yaliharibika. Mwaka 2025 Penguin na Club, biskuti ambazo watoto wa nchi hii wamezila shuleni vizazi na vizazi, zikapunguziwa kokoa na kuongezewa mafuta ya mimea, mpaka haziruhusiwi tena kuandikwa kuwa ni za chokoleti. Sasa pakiti inasema ni ladha ya chokoleti. Huku chokoleti ya maziwa lazima iwe na angalau asilimia 20 ya kokoa. Zikashuka chini ya hapo.

Digestive tupu haijawahi kunifanyia hivyo. Ngano ni ngano.

Binti Kyela, Birmingham

Hilo umelisema vizuri na linaniuma. Ndiyo maana nikasema nyeusi. Kwenye chokoleti nyeusi hakuna maziwa mengi wala sukari nyingi ya kujazia nafasi, kokoa ikipungua unaijua kwa ulimi siku hiyo hiyo. Na bei ilipopanda, kwa mara ya kwanza watu wa kwetu walipata hela ya maana. Mjomba aliezeka nyumba. Kwa hiyo ninyi mlioona pakiti imepungua, kule kuna bati jipya. Mimi nitaendelea kulipia.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Niko nyumbani, sijawahi kuishi huko, ila kwenye kuchovya nina neno.

Mwanafizikia Len Fisher wa Chuo Kikuu cha Bristol aliwahi kulichunguza jambo hili kwa makini, na mwaka 1999 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Alitumia mlinganyo wa Washburn, unaoeleza kimiminika kinavyosafiri ndani ya matundu madogo. Biskuti ni punje za wanga zilizoshikamanishwa na sukari na mafuta. Chai ya moto inapoingia kwenye matundu yake, sukari inayeyuka, mafuta yanalainika, punje zinavimba. Kilichokuwa kinazishika kimeondoka, kwa hiyo inakatika kwa uzito wake yenyewe. Bwana Mvita na Bwana Mzaramo mnabishana kuhusu sekunde, na wote mko sahihi: chai ikiwa moto zaidi na biskuti ikiwa nyembamba zaidi, muda unakuwa mfupi.

Dawa aliyoipendekeza ni hii: usiiingize kwa kusimama. Ilaze, upande mmoja uguse chai na upande wa juu ubaki mkavu. Upande mkavu ndio unaobeba. Na hapa samahani kwa mleta uzi, maana biskuti yenye chokoleti upande mmoja ina faida. Laza upande usio na chokoleti kwenye chai, chokoleti ibaki juu. Haipitishi maji, kwa hiyo inashikilia biskuti yote.

Mzaramo Manchester

Mwalimu nimefanya sasa hivi na Digestive ya chokoleti. Imekaa muda mrefu kuliko tupu. Naomba radhi kwa Ginger Nut yangu lakini hii ni kweli.

Mwana wa Mvita, London

Sasa kikombe chenyewe kina mdomo mwembamba, biskuti utailazaje? Digestive ni pana kuliko kikombe changu cha chai. Labda kwenye bakuli. Mimi chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, kwenye bakuli sinywi.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Iinamishe, bwana Mvita. Kona moja ishuke chini ya ukingo, nyingine ibaki nje. Siyo lazima ilale kabisa.

Msela wa Glasgow

Ninyi wa kusini mna mambo. Hamjataja Tunnock's hata mara moja, ilhali nusu ya biskuti mnazozisifia zimetoka Scotland.

Tunnock's wako Uddingston, nje kidogo ya Glasgow, tangu 1890. Caramel Wafer yao ya mwaka 1952 ina tabaka tano za kaki na nne za karameli, imefunikwa chokoleti, na karatasi yake nyekundu na dhahabu hata mtoto asiyejua kusoma anaitambua. Halafu kuna Teacake ya 1956, biskuti chini, povu jeupe juu, chokoleti nyembamba imefunika. Kama mliangalia ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola hapa Glasgow mwaka 2014, yale makubwa ya rangi nyekundu na fedha yaliyokuwa yanacheza uwanjani ndiyo Teacake hizo. Timu zetu za Afrika Mashariki zilikuwa pale uwanjani.

Mhasibu ongeza hii kwenye faili lako: mwaka huo huo wa 2014 baraza la kodi liliamua kwamba Snowball (povu lililofunikwa chokoleti na nazi) za Tunnock's na za Lees ni keki. Majaji waliletewa sahani, wakaonja.

Kwa ule ubishi: kwenye baridi la Januari hapa, saa kumi jioni giza limeanza, hakuna mtu atakayenishawishi kwamba anachohitaji ni Rich Tea.

Ssebo wa Leicester

Uganda tuna kisa kimoja kinachohusu Huntley & Palmers, na kwa kuwa mleta uzi yuko Reading, mji wao, nakitoa hapa.

Makopo yao yalikuwa yanafika kila mahali duniani, na Uganda yalifika na wamisionari. Tatizo kule lilikuwa mchwa na unyevu, vitabu vilikuwa vinaliwa. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 Biblia ya Kiganda ilichapwa kwa umbo la ajabu, fupi na nene, ili iingie sawasawa kwenye kopo la biskuti la Huntley & Palmers. Mpaka leo inajulikana kama Biblia ya kopo la biskuti. Kopo likifungwa mchwa haingii.

Kuhusu ladha, hapa Leicester wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 bado ukiwakuta dukani wanaongea Kiswahili na Kiganda, na chai yao ni ya kupika na maziwa, tangawizi na hiliki. Kwa chai hiyo biskuti ya chokoleti haifai hata kidogo. Chai yenyewe imejaa. Inataka kitu kisicho na maneno mengi: Marie, Nice yenye nazi na sukari juu, au Rich Tea. Nadhani hapo ndipo tunapokosana humu ndani. Anayekunywa chai ya Kiingereza, kifuko na maziwa kidogo, ana nafasi mdomoni ya kuweka chokoleti. Anayekunywa chai yetu hana.

Mpenda Chai, Reading (mwanzisha uzi)

Ssebo, hili la chai mbili ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulipata. Nimejaribu leo asubuhi. Chai ya maziwa iliyochemka na tangawizi, Digestive ya chokoleti: vyote viwili vinagombania, na mwisho huonji chochote. Chai hiyo hiyo na Digestive tupu: ngano inatokea, tangawizi inabaki. Na chai ya kifuko na Digestive ya chokoleti, lazima niseme, inakwenda vizuri.

Hapa Reading makopo yao mtu anaweza kuyaona kwenye jumba la makumbusho la mji, yapo yenye umbo la vitabu, magari, mitungi. Kiwanda kilianza kama duka dogo la mkate mwaka 1822, na uzalishaji ukakoma hapa mwaka 1976. Timu ya mpira ya Reading zamani ilikuwa inaitwa kwa jina la watu wa biskuti. Sisi Watanzania tulivyo wengi mji huu, nadhani wengi tunapita karibu na kilipokuwa kiwanda kila siku bila kujua.

Na kwa Msela wa Glasgow: mnakumbuka kimbunga Desmond, Desemba 2015? Mafuriko yaliingia kiwanda cha biskuti kule Carlisle, na mwanzoni mwa 2016 rafu zikawa tupu nchi nzima. Watu walikuwa wanalalamikia nini? Ginger Nut. Custard Cream. Bourbon. Water biscuits, zile kavu za kulia jibini. Zote ni zile zisizofunikwa chokoleti. Nchi inajua inachokila kila siku pale kinapokosekana.

Bi Mkubwa wa Northampton

Na Custard Cream hakuna aliyeisema mpaka gharika! Ile michoro yake ya majani, krimu ya vanila katikati. Mjukuu wangu anaitenganisha, analamba krimu, ananirudishia biskuti zake mbili tupu. Nazichovya mimi.

Mzaramo Manchester

Swali la mwisho kwa mhasibu: kwa hiyo Digestive ya chokoleti, upande wa chokoleti ni wa juu au wa chini? Nimebishana na mwenzangu kazini.

Mhasibu wa Luton

Wa chini. Kiwandani biskuti inapita juu ya chokoleti iliyoyeyuka, inashika tumbo lake. Sura yake ya juu ni ile yenye jina na vitobo. Sote tunaila kichwa chini, na kodi ni ile ile.

Mama Junior, Dar

Wapendwa, mimi nafuatilia kimya tangu mwanzo. Kaka yangu anakuja wiki ijayo kutoka huko, ameniuliza nataka biskuti gani. Anabakiza kilo chache tu kwenye begi. Nimwambie nini? Watoto wanataka chokoleti.

Mpenda Chai, Reading (mwanzisha uzi)

Dada, chokoleti kwa Dar ya sasa hivi hapana. Siagi ya kokoa inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na begi likikaa uwanjani juani pakiti nzima inashikana ikawa gogo moja. Nimewahi kupeleka, mama alizikata kwa kisu. Mwambie alete Digestive tupu, Ginger Nut, na shortbread ya kwenye kopo la bati ili zisivunjike. Kopo litakufaa kwa kuhifadhia sukari baadaye. Pakiti za Digestive azizungushie nguo katikati ya begi, zisikae pembeni.

Binti Kyela, Birmingham

Mama Junior, mimi nakuongezea: mwambie achukue pakiti moja ya Digestive ya chokoleti nyeusi, aiweke kwenye begi la mkononi aingie nalo ndani ya ndege, akifika aiweke friji saa moja kabla ya kuifungua. Chokoleti itarudi ngumu, labda itakuwa na weupe kidogo juu, hayo ni mafuta yamepanda, siyo ukungu, inalika. Watoto wasinyimwe. Halafu siku wakikua waambie kokoa inalimwa kwao.